Pacha wa Mtume Tomaso: Safari ya Imani ya Mshairi Denise Levertov



Katika nyumba za malezi kuna swali ambalo waseminari huliuliza kwa sauti ya chini, mara nyingi baada ya mafungo au usiku ule wa kuandika barua ya kuomba daraja. Nifanye nini siku ninapofungua kinywa kusali Masifu ya Asubuhi na moyoni sisikii kitu? Waamini walei nao wanalo swali lao. Baada ya Misa ya Dominika mama anamvuta padre pembeni na kumweleza kwamba mwanawe, aliyebatizwa, akapokea Komunyo ya Kwanza na Kipaimara, sasa yuko chuo kikuu na hataki kusikia habari za kanisa. Kisha anauliza: Baba, nilikosea wapi?

Katika makala hii tunataka kujifunza kutoka kwa mtu aliyeyabeba maswali yote mawili katika maisha yake. Hajatangazwa mtakatifu, wala hakusomea teolojia. Ni mshairi wa Marekani, Denise Levertov, aliyefariki dunia mwaka 1997. Tumemchagua kwa sababu moja kubwa: alianza kutunga shairi la Misa akiwa hana imani, na alipofika sehemu ya mwisho akajikuta anayo. Tutapitia kwanza maisha na kazi yake, kisha tutatafuta pamoja yale yanayotuhusu sisi tulioko seminarini na parokiani.

1. Nyumba alimozaliwa

Denise alizaliwa tarehe 24 Oktoba 1923 huko Ilford, mashariki mwa jiji la London, Uingereza. Baba yake, Paul Levertoff, alikuwa Myahudi kutoka dola ya Urusi, wa ukoo wa marabi mashuhuri wa Wahasidim, yaani Wayahudi wa Ulaya Mashariki wanaojulikana kwa sala za furaha, nyimbo na ucheshi mbele za Mungu. Akiwa kijana msomi alimwamini Yesu kuwa ndiye Masiha, akabatizwa, na baadaye akawa padre wa Kanisa la Anglikana. Hakuuacha Uyahudi wake mlangoni. Maisha yake yote alijaribu kuonyesha kwamba Agano la Kale na Agano Jipya ni nyumba moja, na mwaka 1925 alichapisha liturujia ya Ekaristi kwa lugha ya Kiebrania. Tuikumbuke habari hii, maana tutairudia.

Mama yake, Beatrice, alikuwa mtu wa Wales, mwalimu, naye alitoka katika ukoo wenye wahubiri. Walikutana Constantinople, mji unaoitwa leo Istanbul, alikokuwa akifundisha katika shule ya wamisionari wa Scotland.

Denise na dada yake mkubwa, Olga, hawakupelekwa shule ya kawaida. Mama aliwafundisha nyumbani, akiwasomea vitabu kwa sauti na kuwazoeza kutazama mawingu na maua kwa makini. Nyumba ilijaa vitabu, na mlango haukufungwa kwa mwenye shida. Wayahudi waliokuwa wakimkimbia Hitler walipata msaada wao. Mussolini alipoivamia Ethiopia mwaka 1935, baba yake alisimama hadharani kuipinga dhuluma ile, na binti alimwona. Mtoto yule hakuyasahau mafundisho hayo mawili ya nyumbani: kutazama kwa makini, na kutonyamaza mwingine anapoonewa.

Alianza kuandika mashairi mapema sana. Alipokuwa na umri wa miaka 12 alithubutu kumpelekea T. S. Eliot, mshairi mkubwa wa wakati ule, baadhi ya mashairi yake, naye Eliot akamjibu kwa barua ya ushauri. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alifanya kazi ya uuguzi katika hospitali za London, jiji likiwa linapigwa mabomu. Kitabu chake cha kwanza, The Double Image, kilitoka mwaka 1946.

Na imani je? Alibatizwa, alilelewa na Zaburi, alisikia sala kila siku. Lakini alipokua, imani ile ikambaki kama wimbo wa utotoni: aliujua, aliupenda, ila hakuwa tena anauimba. Kwa miaka mingi alijihesabu kuwa mtu asiyeweza kusema kama Mungu yupo au hayupo. Wazazi wenye mtoto wa namna hii wataielewa hali hiyo bila maelezo zaidi.

2. Kuvuka bahari na kujifunza kazi

Mwaka 1947 Denise aliolewa na Mitchell Goodman, mwandishi wa Marekani, na mwaka uliofuata walihamia New York. Mtoto wao wa pekee, Nikolai, alizaliwa mwaka 1949. Katika nchi hiyo mpya ilimbidi ajifunze Kiingereza upya, ingawa ndiyo lugha aliyozaliwa nayo, kwa sababu Kiingereza cha mitaa ya New York kilikuwa na mapigo mengine kabisa.

Mwalimu wake mkuu alikuwa William Carlos Williams, daktari wa watoto na akina mama huko New Jersey, aliyetibu wagonjwa mchana na kuandika mashairi usiku. Kwake alijifunza kuandika juu ya vitu vinavyoonekana na kushikika, kwa lugha ya watu wa kawaida. Waliandikiana barua kwa miaka, hadi Williams alipofariki mwaka 1963.

Sisi tuliozoea vina na mizani tunaweza kudhani kwamba mshairi asiyefuata vina ni mvivu. Levertov aliona kinyume chake. Katika insha yake ya mwaka 1965 kuhusu umbo la shairi, alieleza kwamba kila jambo ambalo mtu analiishi lina umbo lake la ndani, na kazi ya mshairi ni kulisubiri na kulisikiliza mpaka umbo hilo lijidhihirishe. Hapo akalichambua neno la Kilatini contemplatio, ambalo sisi hulitafsiri kuwa taamuli. Alikumbusha kwamba ndani yake limo neno templum, hekalu, mahali palipotengwa kwa ajili ya kutazama mbele za Mungu. Kwa hiyo kutazama kitu kwa makini, hata kama ni jani au jiwe, ni kukitazama kana kwamba tumesimama hekaluni.

Aliyaandika hayo akiwa bado hajaamini. Hata majina ya vitabu vyake yalikuwa yameanza kumtangulia. Mwaka 1961 alitoa The Jacob's Ladder, yaani Ngazi ya Yakobo. Katika shairi lenye jina hilo, ngazi ya malaika haikutengenezwa kwa nuru inayometameta. Ni ngazi ya mawe halisi, na mtu anayeipanda huchubuka magoti. Mwaka 1964 kikatoka O Taste and See, jina linalotokana na Zaburi ya 34, inayotualika tuonje na kuona wema wa Bwana. Maneno hayo aliyakuta kwenye bango la Biblia katika treni za chini ya ardhi za New York. Mshairi asiyeamini alilisoma bango ambalo wengi walilipita tu.

3. Vita, msiba na urafiki uliovunjika

Miaka ya sitini ilimletea majaribu mazito. Dada yake Olga alifariki mwaka 1964. Wakati huohuo Marekani ilikuwa ikizidi kuingia katika vita vya Vietnam. Binti wa yule padre aliyeitetea Ethiopia hakuweza kukaa kimya. Yeye na mumewe walijiunga na wapinga vita, na mwaka 1968 Mitchell Goodman alishitakiwa pamoja na daktari maarufu wa watoto Benjamin Spock na wenzao wengine watatu kwa kosa la kuwahimiza vijana wakatae kwenda jeshini. Yeye na Spock walitiwa hatiani pamoja na wengine wawili, lakini mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikatengua hukumu hizo. Mwaka 1972 Levertov mwenyewe alisafiri mpaka Hanoi pamoja na mshairi Muriel Rukeyser, akaona kwa macho yake hali ya wananchi waliokuwa chini ya mabomu.

Ni vema tuseme ukweli wote. Mashairi yake ya kupinga vita hayakuwapendeza wote, na wahakiki kadhaa walisema kwamba mengine yamegeuka hotuba. Aliyemwambia hivyo kwa uchungu zaidi alikuwa rafiki yake mkubwa, mshairi Robert Duncan, ambaye walikuwa wameandikiana mamia ya barua tangu miaka ya hamsini. Duncan aliona kwamba hasira ya vita imeuteka moyo wa rafiki yake. Levertov aliona kwamba rafiki yake anajificha nyuma ya sanaa. Urafiki ule ukavunjika. Mwaka 1975 ndoa yake nayo ikaisha kwa talaka, na mwaka 1977 mama yake mzazi akafia Mexico alikokuwa akiishi. Baba yake alikuwa ametangulia tangu mwaka 1954.

Kwa hiyo mwanamke huyu alipofika umri wa miaka hamsini na kitu alikuwa na vitabu vingi, jina kubwa na kazi ya kufundisha vyuo vikuu. Lakini walio wake wa karibu walikuwa wamepungua, na vita alivyovipinga vilikuwa vimemwachia swali kubwa kuliko siasa. Kama binadamu anaweza kutenda uovu wa namna ile, tunategemea nini?

4. Misa iliyotungwa na asiyeamini

Mwishoni mwa miaka ya sabini Levertov alianza kutunga shairi refu. Alifikiria jinsi watunzi wa muziki, wakiwemo wasio na imani kubwa, walivyotunga Misa kwa karne nyingi wakitumia mpangilio uleule. Akaamua ajaribu naye. Alikusudia iwe kazi ya ufundi: kuchukua sehemu za Misa, yaani Bwana Utuhurumie, Utukufu, Nasadiki, Mtakatifu, Mbarikiwa na Mwanakondoo wa Mungu, na kuona mshairi wa leo mwenye mashaka anaweza kusema nini ndani ya kila moja. Akaipa jina la mtume mwenye mashaka: Misa ya Siku ya Mtakatifu Tomaso Pacha. Ilichapishwa katika kitabu chake cha mwaka 1982, Candles in Babylon.

Baadaye alieleza yaliyompata. Aliianza akiwa mtu asiyejua kama Mungu yupo. Katika Utuhurumie aliweza kulia tu kwa ajili ya dunia iliyojaa hofu. Katika Utukufu aliweza kusifu, lakini bila uhakika anamsifu nani. Kazi ilichukua miezi. Alipofika sehemu ya Mwanakondoo wa Mungu ilimbidi ajiulize swali la kitoto kabisa: mwanakondoo ni nini? Ni kiumbe dhaifu, kinachotetemeka, kisicho na pembe wala makucha. Basi kumwita Mungu Mwanakondoo maana yake ni kwamba Mwenyezi amejiweka mikononi mwetu akiwa bila ulinzi, na sisi wenye mioyo baridi ndio tunaoombwa kumpokea na kumpa joto. Hapo akagundua kwamba hasimami tena mahali alipoanzia. Alikuwa ameingia ndani.

Mwenyewe aliandika insha kuhusu safari hiyo na kuiita Work That Enfaiths, maana yake kazi inayomtia mtu imani. Hakusimulia habari ya sauti kutoka mbinguni wala ya kuanguka njiani kama Mtakatifu Paulo. Alikuwa mezani akifanya kazi aliyoijua, kwa uaminifu, neno baada ya neno, na neema ikamkuta hapo. Na ndipo tunapokumbuka liturujia ya Kiebrania ya mwaka 1925. Baba aliandika Ekaristi kwa lugha ya mababu zake. Zaidi ya miaka hamsini baadaye binti akaandika Misa kwa lugha ya mashaka yake. Wakati huo wazazi wote wawili walikuwa wamekwisha kuzikwa. Hawakuyaona matunda ya yale waliyoyapanda.

5. Damu ya mashahidi

Wakati imani hiyo ikichipuka, habari za kutisha zilikuwa zikitoka El Salvador. Tarehe 24 Machi 1980 Askofu Mkuu Oscar Romero aliuawa kwa risasi akiadhimisha Misa. Tarehe 2 Desemba mwaka huohuo wanawake wanne wa Kanisa kutoka Marekani waliuawa na askari: Sr. Ita Ford na Sr. Maura Clarke wa Maryknoll, shirika ambalo masista wake wamefanya utume pia Tanzania na Kenya, Sr. Dorothy Kazel, Mursulina. Na mmisionari mlei Jean Donovan.

Levertov aliombwa aandike maneno ya utenzi wa kuimbwa na kwaya pamoja na okestra, kwa muziki wa Newell Hendricks. Kazi hiyo, El Salvador: Requiem and Invocation, iliimbwa kwa mara ya kwanza mwaka 1983. Ndani yake aliyaweka maneno ya Romero mwenyewe na ya wale wanawake. Hapa alipata jibu la swali lililomsumbua tangu Vietnam. Aliona Kanisa ambalo halikuchagua kati ya sala na haki. Romero hakutoka altareni ili kwenda kuwatetea maskini. Aliwatetea akiwa pale pale altareni, na damu yake ikamwagika hapo. Papa Fransisko alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 14 Oktoba 2018.

Tunaongeza jambo moja dogo. Mwezi Desemba 1967, akiwa bado mbali na imani, Levertov aliwahi kumtembelea mmonaki Thomas Merton katika monasteri ya Gethsemani, Kentucky. Merton alifariki mwaka mmoja baadaye. Hatusemi kwamba mkutano ule ulimbadilisha. Tunasema tu kwamba mtu anayetafuta hukutana na watu njiani, na asiyejua leo kwa nini alikutana nao huenda akaelewa baadaye.

6. Seattle: kuingia Kanisa Katoliki

Mwaka 1989 alihamia Seattle, kaskazini-magharibi mwa Marekani, na mwaka 1990 akapokelewa katika Kanisa Katoliki, katika Parokia ya Mtakatifu Edward. Alikuwa anaelekea umri wa miaka 67. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo alikuwa akisali katika makanisa ya madhehebu mbalimbali. Hakuacha harakati zake. Aliungana pia na waliopinga vita vya Ghuba.

Mashairi yake ya imani yanafaa sana kwa tafakari. Tutaje manne.

La kwanza ni Annunciation, juu ya Kupashwa Habari. Levertov anasema kwamba tumezoea kuusifu unyenyekevu wa Bikira Maria na kusahau ushujaa wake. Malaika alisubiri jibu. Mungu hakulazimisha, mbingu zote zilisimama zikingoja uhuru wa msichana mmoja. Kisha anatugeuzia swali: je, kila mmoja wetu hajapashwa habari kwa namna yake, na mara ngapi tumegeuza uso?

La pili linatokana na mchoro wa Mhispania Velázquez, wa karne ya 17, unaomwonyesha mtumishi wa jikoni mwenye asili ya Afrika akiwa kazini, huku nyuma yake, kwa mbali, Yesu mfufuka ameketi mezani na wafuasi wa Emau. Katika shairi hilo wale waliotembea na Yesu njia nzima bado hawajamtambua, lakini msichana wa jikoni, aliyewahi kumsikia akisema, anaitambua sauti ile. Ameinamisha kichwa na kusikiliza, vyombo vikiwa mbele yake. Wanaotuhudumia jikoni seminarini na parokiani huenda wakawa wanamsikia Bwana kabla yetu sisi tulioketi mezani.

La tatu linahusu akili inayotangatanga wakati wa sala. Mshairi anaungama kwamba anayekosekana si Mungu, ni yeye. Mungu yupo wakati wote, lakini mawazo yake mwenyewe yanatoroka kama visamaki vidogo mtoni kila anapojaribu kuyatuliza. Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kusali rozari kwa midomo huku akili ikiwa sokoni?

La nne si shairi moja, ni mengi. Kutoka Seattle mtu anaweza kuuona Mlima Rainier, lakini siku nyingi mawingu huufunika, usionekane kabisa. Levertov aliuandikia mlima huo tena na tena. Alijua kwamba siku ya mawingu mlima haujaondoka. Aliishi mbele yake ukionekana na usipoonekana, na hilo likawa kwake somo la kukaa mbele za Mungu.

Mwaka 1997 alikusanya mwenyewe mashairi yake ya imani katika kitabu kidogo, The Stream and the Sapphire, akitaka msomaji aone mwendo wa taratibu kutoka kutojua hadi kuamini, pamoja na mashaka yaliyosafiri naye. Saratani ya tezi za limfu ilimchukua tarehe 20 Desemba mwaka huohuo. Kesho yake ilikuwa 21 Desemba, siku ambayo katika kalenda ya zamani ya Kanisa, kabla ya sikukuu hiyo kuhamishiwa 3 Julai, waamini walimwadhimisha Mtakatifu Tomaso Mtume.

7. Tunajifunza nini?

Kwanza, tuwe waaminifu kwa kazi ya sala hata pale hisia zinapotuacha. Frateri anayesali Vipindi moyo ukiwa mkavu hafanyi unafiki, ilimradi asijifanye ana hisia asizokuwa nazo. Levertov hakusubiri aamini ndipo aandike Misa. Kanisa limetupa maneno ya Misa na Zaburi kwa sababu linajua kuna siku hatutakuwa na maneno yetu wenyewe. Tuyashike maneno hayo kwa mikono miwili. Sharti ni kuyafanyia kazi kweli, si kuyapitia mbio kama mtu anayehesabu noti.

Pili, mashaka yaletwe mwangani. Tuwe waangalifu hapa, maana siku hizi wapo wanaoyavaa mashaka kama pambo la usomi. Levertov hakujivunia mashaka yake, aliyachukulia kama jeraha linalohitaji kuguswa. Mtume Tomaso naye hakukimbia jumuiya. Juma zima alikaa na wenzake akiwa haamini, na kwa kuwa alikuwepo, Bwana alipokuja alimkuta (rej. Yn 20:24-29). Mseminari mwenye mashaka amwone mlezi wake wa kiroho na asitoroke chumba cha wenzake.

Tatu, imani na haki havitenganishwi. Aliyevutwa na damu ya Romero hakuvutwa na mahubiri matamu peke yake. Wapo watu wanaotutazama kwa mbali, wasiosali, wakipima kama tutamtetea mjane aliyeporwa shamba au tutanyamaza. Huenda jibu letu ndilo litakalowafungulia mlango au kuwafungia.

Nne, wazazi msikate tamaa. Paul na Beatrice Levertoff waliaga dunia bila kumwona binti yao akirudi. Lakini Zaburi walizomsomea zilimwota kimyakimya, zikaja kuzaa baada ya wao kulala. Mama unayeuliza ulikosea wapi, huenda hukukosea. Endelea kusali, endelea kuacha mlango wazi, na usimfanye mwanao aogope kurudi kwa sababu ya maneno yako.

Tunamalizia na jina la Tomaso. Injili inamwita Pacha, lakini haimtaji ndugu aliyezaliwa naye. Katika shairi la mwaka 1989 Levertov anampa mtume huyo sauti, naye anasimulia kwamba siku moja katika umati alimwona baba wa yule mtoto mwenye kifafa, aliyemlilia Yesu akikiri imani yake na papo hapo akiomba asaidiwe kutokuamini kwake (rej. Mk 9:14-29). Tomaso alipomsikia akatambua: huyu ndiye pacha wangu.

Tukisoma hivyo, nafasi ya pacha ni pana. Yumo baba yule, yumo Denise, yumo mama anayelia nje ya kanisa, yumo frateri aliyeinamia kitabu cha sala asubuhi ya baridi bila kusikia chochote. Baba yule hakungoja imani yake itimie ndipo amlete mtoto. Alimleta jinsi ilivyokuwa, na mtoto akapona.

Maswali ya kutafakari, binafsi au katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Ni sehemu gani ya Misa ambayo tumeizoea mno hata hatuisikii tena? Juma hili tuitafakari polepole, neno kwa neno.

2. Je, yupo mtu nyumbani au darasani mwetu aliyeacha kusali? Tumemwachia mlango wazi, au tumeufunga kwa lawama?

3. Mara ya mwisho tulipokuwa na mashaka, tuliyapeleka kwa nani?

4. Nani anafanya kazi jikoni kwetu, na tumewahi kumuuliza anamsikia Bwana namna gani?

Mtakatifu Tomaso Mtume, utuombee.